Kusoma Dunguni

Mlinda ndege aliyekubuhu husoma kwa macho na kulinda kwa masikio. Mpunga wa Kyela ukianza kuinamisha vichwa, akina mama na vijana hupanda dunguni alfajiri na kushuka jua likizama, na kazi yao yote ni kuamia: kupiga debe, kurusha mabonge ya udongo kwa kombeo, kutikisa kamba iliyofungwa makopo. Wengine hutandaza utepe wa kaseti za zamani kutoka mti hadi mti, na upepo wa ziwani ukiupitia, ule utepe uliokuwa ukiimba kwaya huanza kuvuma kwa sauti isiyo na maneno, ndege wakaiogopa kwa siku mbili tatu kabla ya kuizoea. Kati ya kundi moja la ndege na kundi lifuatalo pana utulivu mfupi. Nimeona watu wakimaliza riwaya nzima katika utulivu huo, ukurasa mmoja leo na mmoja kesho, bila kupoteza hata suke.

Huo ni ufundi, na nataka kuusifu kama wengine wanavyosifu useremala. Kusoma kunakopigiwa debe kwenye hotuba ni kule kwa mtu aliyejifungia chumbani, taa iko juu, chai iko pembeni, nyumba nzima imenyamaza. Mtu wa namna hiyo sijakutana naye mara nyingi kati ya Ipinda na Matema. Ninayemjua mimi ni msomaji anayekatishwa. Anakatishwa na ndege, na mvua, na mgeni, na mtoto aliyetumwa chumvi. Hodari ni yule anayejua akomee wapi na arudi vipi.

Wengi hudhani pa kukomea ni mwisho wa sura. Mlinda ndege atakwambia sivyo. Mwisho wa sura mambo yametulia, kila mhusika amekwenda kwake; ukifunga kitabu hapo, kesho utakuta huna hamu wala kumbukumbu. Funga wakati mtu amesimama mlangoni na hajaingia. Funga katikati ya ugomvi. Hapo hadithi inashuka nawe dunguni, unapiga debe huku ukijiuliza huyu bwana atajibu nini, na ukirudi huhitaji kutafuta mstari, unautambua. Alama yako ni unyasi wa mpunga, maana kukunja pembe ya karatasi ni kuumiza kitabu ambacho pengine si chako. Kisha soma tena aya ya mwisho uliyoiacha, taratibu, ndipo uendelee.

Uchaguzi wa kitabu nao unataka akili. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ni kama kiliandikwa kwa ajili ya dungu. Karama yuko mahakamani, anajitetea, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe ana safari yake na yaliyomkuta aliporudi. Unaweza kumsoma mmoja asubuhi, ukapigana na ndege mpaka adhuhuri, ukamchukua mwingine. Nashuku haikutokea kwa bahati tu. Mwandishi mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, mtu wa kuandika na kusoma kati ya kazi na kazi. Elvis Musiba, kinyume chake, ni hatari shambani. Ukimpa mlinzi Kufa na Kupona, Willy Gamba akianza kumfukuza jasusi, mpunga umekwisha. Na Nagona ya Kezilahabi, japo ni nyembamba kiasi cha kuingia mfukoni, haitaki kelele za makopo. Hiyo iwekee Jumapili, na hata Jumapili usijiamini sana.

Tatizo la pili la msomaji wa huku ni watu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi huku kwetu Unyakyusani na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alitoa mwaka 1951 kitabu juu ya vijiji vya rika, vile ambavyo vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakala pamoja na kuzeeka pamoja. Alikiita Good Company, na hakukosea: kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao ndiko kulikohesabiwa kuwa ustaarabu, na aliyependa kukaa peke yake alitiliwa shaka. Vijiji hivyo havipo tena kwa sura ile, lakini shaka imebaki. Mtu aliyeinamia kitabu barazani, halafu akaitikia "Mwaghonile" bila kuinua uso, atasemwa hadi kisimani. Ama ana kiburi, ama anaumwa.

Msomaji mwenye adabu hushusha kitabu mapajani kikiwa wazi, hulipa salamu kwa ukamilifu wake, pamoja na ya watoto na ya ng'ombe, halafu humwambia mgeni anasoma nini. Hapo mgeni naye huingia. "Sasa huyo mwanamke alirudi kwao?" Ukishaulizwa hivyo huna budi kusoma kwa sauti, na kitabu chako kimeshakuwa cha watu wawili.

Nadhani sauti hiyo tuliirithi kwa wasomaji wa barua. Miaka ya ukoloni wanaume wengi wa ukanda huu walikwenda migodini Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodi, na wengine kwenye migodi ya shaba ya Copperbelt, hadi serikali ya Tanganyika huru ilipoufunga mlango wa Wenela. Wao walikaa huko miezi na miaka; barua ndizo zilizorudi. Kila kijiji kilikuwa na mtu wake wa kusoma, mara nyingi mwalimu wa kanisa au kijana aliyepita shule ya misheni, kwani Wamoraviani na Waluteri wa Berlin walikuwa wamefika Unyakyusani tangu 1891 na shule zao zilifuata. Wazee waliniambia jinsi kazi ile ilivyofanywa. Msomaji alipokea bahasha, akaipasua kwa ukingo wa kisu, akaisoma yote kimya kwanza huku mke na mama mkwe wakimtazama usoni. Uso wake haukutakiwa kusema lolote. Ndipo alipoanza kwa sauti, akiyageuza maneno ya Kiswahili kuwa Kinyakyusa papo hapo, na akijua ni mstari gani unasomwa mbele ya wote, upi unasubiri mama mkwe aondoke, na upi ni wa fedha, ambao husomwa mara mbili. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Alichagua tu nani asikie lini. Sijui mhariri yeyote mwenye dhamana nzito kuliko hiyo, na msomaji yule alilipwa, akibahatika, kuku mmoja.

Baadaye serikali ilitaka kila mtu ajisomee mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kilifika vijijini katika miaka ya 1970, saa za alasiri, chini ya mwembe au katika darasa ambalo watoto wametoka kulifagia. Takwimu za taifa zilionesha wasiojua kusoma na kuandika wakipungua kutoka asilimia 67 hivi mwaka 1967 hadi karibu 10 mwaka 1986. Namba hizo zimebishaniwa, na kujua kuandika jina siku ya mtihani si sawa na kusoma kitabu. Ila kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 naikumbuka kwa heshima. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, kisha mmoja wao akawasomea kijitabu, wakajadili, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Kusoma kwenye kikundi tulikuwa tunakujua. Choo ndicho kilichokuwa kigeni.

Kutunza kitabu ni sura nyingine ya ufundi huu. Kyela ni bonde la joto kando ya ziwa, na mvua yake haina huruma. Aprili mito ya Mbaka, Lufilyo, Kiwira na Songwe hupanda kingo, na karatasi hunywa unyevu hata ndani ya nyumba. Ukiacha kitabu juu ya meza wiki moja ya masika, jalada linajikunja, gundi inalegea, na ukungu wa kijivu unaanza kutoka pembeni, kwenye mshono. Mchwa wao hawangoji masika. Hivyo mwenye vitabu ana sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, ndani mna majani makavu ya mwarobaini, na jua likitoka baada ya siku za mvua, vitabu huanikwa. Hapo ndipo utamkuta mtu ameanika kakao kwenye jamvi na vitabu pembeni yake, kurasa zikipepewa, naye amekaa katikati akisoma kimojawapo kwa kisingizio cha kulinda vyote. Kakao iliyochachushwa siku sita haitaki tone la mvua. Ngurumo ya kwanza ya radi ikisikika upande wa Milima ya Livingstone, kakao hukimbiziwa ndani kwanza, vitabu baadaye. Huo ndio utaratibu na sioni ubaya wake, kwani kakao ndiyo iliyovinunua. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nilifurahi kwa ajili ya mitaro yetu, ila wasomaji walipoteza koti la mvua la bei rahisi kuliko yote. Siku hizi ni kipande cha kiroba.

Safarini sisomi. Barabara ya kutoka Tukuyu inateremka kwa kona juu ya kona, kutoka baridi ya mashamba ya chai hadi joto la migomba na mpunga, na anayejaribu kusoma ndani ya Kosta atajuta kabla ya kufika Ushirika. Meli ni jambo jingine. Kutoka Kyela kwenda Mbamba Bay kitabu kinene kinatosha.

Vijana wa bodaboda wamehamia kwenye simu. Asubuhi wakisubiri abiria pale stendi, husoma hadithi zinazotumwa kwa WhatsApp sehemu kwa sehemu, mwandishi analipwa kwa simu, na kila sehemu inakatika mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Wapo wanaosikitika kwamba huko si kusoma. Mimi nawaambia warudi kwenye magazeti ya Eric Shigongo, ambayo watu wa kijijini kwetu waliyapokea yakiwa ya jana au juzi, wakayasoma kuanzia ukurasa wa hadithi, na wakala wiki nzima wakibishana nini kitafuata. Tena bando likikwisha katikati, kijana wa bodaboda anafanya lile lile alilofanya mama yake dunguni: anaibeba hadithi kichwani mpaka apate abiria.

Bibi yangu alipita kisomo hadi hatua ya tatu, na cheti chake alikitundika karibu na picha ya Mwalimu Nyerere. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikitembea, na hakuvumilia kuharakishwa. Macho yalipodhoofu akaniagiza nimsomee, naye akawa anachambua mchele kwenye ungo. Tulipofika kwenye Kusadikika, Waziri Majivuno akisimama kumshitaki Karama kwa kosa la kufundisha watu sheria, ungo ulisimama.

"Rudia hapo aliposema huyo waziri."

Nikarudia.

"Huyu namjua," akasema, akapuliza pumba. "Alikuja hapa kwenye mkutano wa hadhara akasema mpunga wetu wote uuzwe kwake. Endelea, mjukuu wangu, lakini akianza tena kuongea unistue."