Sifa za Anayezima

Kompyuta ikiwaka haraka, mafundi wake hupongezwa. Ikizimika vizuri, hakuna anayegeuka kuangalia. Mimi naona kazi ya kuzima ndiyo inayomtambulisha fundi, hasa mwandishi wa madereva, zile programu zinazosimamia diski, kadi ya mtandao na kila kifaa kilichochomekwa.

Chukua Linux. Programu inayotaka kuuzima mfumo hukabidhi kerneli, yaani kiini cha mfumo, namba mbili maalumu, ili mashine isizimwe kwa bahati mbaya. Zikiandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ya kwanza husomeka fee1dead, na ya pili 28121969, tarehe aliyozaliwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. (Tarehe za kuzaliwa za binti zake watatu nazo zinakubalika. Wahandisi nao wana utani wao.)

Baada ya hapo kerneli hushika orodha ya vifaa na kuipitia kuanzia mkiani. Kwa kuwa kila kifaa huandikishwa baada ya kile kinachokibeba, flashi huagwa kabla ya kidhibiti cha USB, na kidhibiti kabla ya njia kuu ya PCI. Ukianza kichwani, flashi itatumiwa ujumbe kupitia njia iliyokwisha kufungwa.

Dereva wa Linux ana milango miwili ya kutokea, na wageni wa kazi hii huichanganya. Mmoja ni wa kifaa kinachong'olewa huku mfumo ukiendelea; hapo lazima urudishe kumbukumbu uliyoazima na ufute majina yote uliyoandikisha. Mwingine ni wa kuzima. Huko usafi wote huo ni kuosha vyombo katika nyumba inayobomolewa. Unachotakiwa ni kukataa kazi mpya, kumwaga data iliyobaki njiani, na kukizuia kifaa kisiandike tena kwenye kumbukumbu. Hili la mwisho lina uzito wake, kwa sababu Linux inaweza kuwasha kerneli mpya bila kukata umeme. Kadi ya mtandao iliyosahaulika itaendelea kumimina pakiti mahali ambapo sasa pana mwenyewe.

Dereva ninayempenda ni wa diski za NVMe. Huandika biti mbili kwenye rejista ya diski, kisha husoma rejista nyingine tena na tena akisubiri jibu kwamba diski imemaliza. Ndani ya muda huo diski inahifadhi ramani yake ya mahali data ilipo. Kwa kawaida dereva husubiri hadi sekunde 5 hivi. Jibu lisipokuja, anaendelea na safari, kwani diski moja mbovu haina haki ya kuiteka mashine nzima. Umeme ukikatika bila hodi, jambo tulilolizoea, diski yenyewe hujiandikia: endesha programu ya smartctl utaona idadi ya mara ilizozimwa ovyo.

Mwisho kabisa, kwenye kompyuta za kawaida, kerneli huandika kwenye rejista ya ACPI, kiwango cha kusimamia umeme wa kompyuta, amri ya hali iitwayo S5, na bodi hukata umeme. Lakini ukiusoma msimbo wa Linux, chini ya mstari unaoita kuzima upo mwingine, unaoimaliza programu iliyoomba kuzimwa, endapo bodi itapuuza amri na mashine ikabaki inawaka.