Ishango si foto ya kiboko tu

Wandugu, kila vakansi ikifika zinaanza kutoka foto za Ishango: mtu amesimama kando ya ziwa Edouard, nyuma kiboko, chini ameandika "paradiso". Foto ni nzuri, siyo tatizo. Lakini kama tunaona hiyo tu, basi tumekula pesa ya barabara bure.

Angalieni Bagamoyo, pwani ya Tanzania. Mgeni anapelekwa Kaole kwenye magofu ya msikiti, halafu boma la Wajerumani, halafu misheni ya 1868. Kuta zimesimama, kwa hiyo anajua atazame wapi. Ishango hakuna ukuta wa namna hiyo, na sisi tumezoea kufikiri kwamba pasipo jengo la zamani hapana historia.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale mto Semliki unapotoka ziwani. Akapata mfupa wa sentimeta kama 10, wenye kipande cha kwarzi nchani na alama zilizochongwa safu tatu. Umri wake ni miaka 20.000 hivi. Safu moja inahesabika 11, 13, 17, 19: nyinyi wa hesabu mnajua hizo ni namba gani. De Heinzelin aliona hesabu, Mmarekani Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi. Mimi nasita kwa wote wawili. Safu nyingine ina 9 na 21, na mtu akitafuta siri kwenye mistari hakosi kuipata.

Kinachonigusa zaidi ni chusa. Katanda, kando ya Semliki hiyohiyo, zimepatikana chusa za mfupa za miaka kama 90.000, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Yaani yule mama anayeuza samaki ya Kyavinyonge sokoni Butembo yuko ndani ya kazi ya zamani kuliko kuta zote za Bagamoyo. Na ni yeye, na pirogi, na nyavu, ndio tunawakata kwenye foto ili ionekane safi!

Mfupa wenyewe uko Bruxelles. Mtoto wa Beni akitaka kuuona, aombe visa kwanza.

Mtaniambia usalama. Ni kweli, barabara ya Beni–Kasindi si ya kuchezea, wengi hawataenda leo wala kesho. Lakini sentensi mbili chini ya foto hazihitaji askari wa kukusindikiza. Atakayeweka foto inayofuata aandike: hapa ndipo mfupa ulitoka, na sasa uko wapi.