Mjomba, Baba na Neno «Mwanamume»: Fikra za Uanaume katika Nchi ya Uluguru

Katika maandishi mengi yahusuyo desturi za Waafrika hurudiwa hoja mbili ambazo mara nyingi husafiri pamoja. Ya kwanza ni kwamba uanaume ni tabia azaliwayo nayo mtu, na kwamba mila huja kuing'arisha tu. Ya pili ni kwamba mila zetu, toka pwani hata bara, zilimfanya kila mwanamume kuwa kichwa cha nyumba yake, mwenye ardhi yake na mwenye watoto wake. Hoja hizi husemwa kwa sauti ya hakika, na wazisemao huona kuwa hazihitaji ushahidi. Milima ya Uluguru, isimamayo kusini mwa mji wa Morogoro, yatosha kuwa kipimo chake. Nazo hazitoki salama katika kipimo hicho.

Yafaa kwanza yakumbukwe mambo ambayo wenyeji huyajua, ila waandishi huyasahau. Waluguru, kama jirani zao Wazaramo, Wakutu, Wakaguru na Wanguu, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu ni wa lukolo lwa mama yake, na ndani ya lukolo ni wa tombo fulani, yaani tawi la watu walionyonya ziwa la bibi mmoja. Ardhi ilikuwa mali ya tawi hilo, na msimamizi wake alikuwa mwanamume wa tawi. Lakini alipokufa, aliyeketi mahali pake hakuwa mwanawe. Alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, au mtoto wa dada yake. Ndivyo kilivyopita hata cheo cha Kingalu wa Kinole, mwenye kusifika kwa mvua. Baba hakuwa mtu bure: mtoto alipata jina kwa upande wa baba, na aliweza kulima shamba la baba kwa ruhusa ya wenye nalo. Lakini kulima si kurithi.

Kutokana na hayo, kazi ambazo hoja ya pili humbebesha mtu mmoja, katika Uluguru zilikuwa zimegawanywa kwa watu wawili. Baba alizaa, akalea, akalisha. Mjomba alishika ardhi, akasimamia ndoa, akaamua mashauri ya ukoo. Tena kila mwanamume aliyeoa na mwenye dada alikuwa wawili hao kwa wakati mmoja: kwa watoto wake ni baba asiye na ardhi ya kuwaachia, na kwa wapwa zake ni mjomba mwenye neno la mwisho. Methali ya Kiswahili husema kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo ni ya watu wa mifugo. Wakulima wa milimani waliwaweka mafahali wawili katika maisha ya kila mtoto, na zizi halikuvunjika.

Jambo hili lina uzito hata katika elimu ya nchi nyingine. Bronisław Malinowski, katika miaka ya 1920, alitumia habari za visiwa vya Trobriand kuonyesha kuwa mahali ambapo mamlaka yako kwa mjomba, baba aweza kuwa rafiki mpole wa mtoto, wala upole huo haumpunguzii heshima. Naye Raewyn Connell wa Australia, katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya uanaume, alifundisha kwamba katika kila jamii kuna namna nyingi za kuwa mwanamume, na kwamba moja hupandishwa juu ya nyingine, ikapewa sifa na taasisi za kuitegemeza hata ikaonekana kuwa ndiyo ya asili. Fundisho hilo ni la kweli, lakini laelekea kumtazama mwanamume wa nyumba moja na mshahara mmoja. Mluguru alijaribiwa uanaume wake katika nyumba mbili, ya mkewe na ya dada yake, na sifa aliyopata katika moja haikumtosha katika ya pili.

Hata hivyo mhakiki hana budi kujihadhari na kosa la upande wa pili, la wale wasomao habari za ukoo wa mama wakadhani wamesoma habari za utawala wa wanawake. Ardhi ilipitia kwa mwanamke, lakini aliyeisemea mbele ya watu mara nyingi alikuwa kaka yake. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, pengine kwa miezi mingi, akafundwa kazi na heshima ya mke. Mjomba aliweza kuwa mkali kuliko baba yeyote. Kwa hiyo uanaume wenye nguvu ulikuwako Uluguru. Ila ulikuwa na sura nyingine, na sura hiyo haikuwa ya mume katika nyumba yake.

Wala ushujaa na utawala havikuwa mali ya wanaume peke yao. Henry Morton Stanley alipopita katika mji uliokuwa mahali pa Morogoro ya leo, mwaka 1871, aliukuta chini ya mwanamke, binti wa Kisabengo mwenye kuujenga, aitwaye Simbamwene. Jina hilo lina simba na lina mwene, yaani mtawala, nalo lilivaliwa na mwanamke bila ya kuongezewa neno la kulipunguza.

Hapa lugha ya Kiswahili yastahili kuulizwa. Shina -ume, litumikalo kwa kiumbe wa kiume, ndilo pia litumikalo kwa mkono wenye nguvu, mkono wa kuume. Na mkono wa kushoto huitwa wa kike. Mume ni mwenzi wa mke, na mwanamume ni mwana aliye mume. Hivyo neno lenyewe humwonyesha mtu kwa mlango wa ndoa. Mtu huambiwa ajikaze kiume, wala haambiwi ajikaze kike hata kama mbele yake yuko mama aliyebeba mzigo wa ndizi toka Mgeta hata sokoni. Mwanamke shupavu hupewa jina jikedume, sifa ya kukopeshwa kutoka upande wa pili. Mwanamume mpole hakuwekewa sifa kama hiyo, bali huambiwa kuwa ana mambo ya kike, na hilo ni tusi.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ni kitenzi kuoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Basi mwanamume akihamia kwa mkewe, watu humcheka kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Siku hizi mjini yameongezwa maneno mengine: asiyeweza gharama za nyumba huitwa mwanaume suruali, na atunzwaye na mwanamke huitwa marioo. Maneno haya hufanya kazi ya askari bila ya kulipwa mshahara. Hayamweki mtu kifungoni. Humwonyesha tu mahali ambapo kicheko kinamngoja, naye hujirudi mwenyewe. Mtu wa Matombo alimaye shamba la ukoo wa mkewe, kama wengi walivyofanya kabla yake bila ya aibu, hupimwa leo kwa kipimo hicho, akaonekana amepungua.

Yaweza kudhaniwa kuwa kicheko hicho kilitoka pwani pamoja na lugha. Ushahidi haukubali. Katika mji wa kale wa Lamu, baba muungwana alimjengea binti yake nyumba, na mume ndiye aliyehamia humo. Katika kisiwa cha Ngazidja nyumba na mashamba ya ukoo hushikwa na wanawake, na mume huingia nyumba ya mkewe kwa sherehe kubwa. Hao ni watu wa Kiswahili na jamaa zao wa karibu, na wamekisema kitenzi hicho hicho, au ndugu yake, bila ya kumcheka mume aliyehamia. Kwa hiyo sarufi haikutosha peke yake kuleta dharau. Sarufi ilitoa chombo. Wengine ndio waliokitia makali.

Ni nani hao? Wa kwanza ni mtoza kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaitengeneza upya mwaka 1922 kuwa kodi ya nyumba na kichwa. Daftari la kodi lilitaka jina la mwanamume mmoja kwa kila nyumba, wala halikuwa na safu ya mjomba. Reli toka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaenea bondeni. Mwanamume akashuka mlimani kutafuta fedha, na fedha, tofauti na ardhi ya ukoo, ilikuwa yake mwenyewe na aliweza kumwachia mwanawe. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye kujenga misheni hata Matombo, walihubiri nyumba ya baba, mama na watoto. Uislamu nao ulikuja na sheria ya mirathi impayo mtoto fungu lake kwa baba. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wote kwa pamoja walimwinua baba na kumshusha mjomba.

Watu wa milimani hawakuyapokea yote kimya. Serikali ilipolazimisha matuta kwa mpango wa matumizi ya ardhi ulioanza mwaka 1950, walikataa, na ghasia za Matombo za mwaka 1955 zikauzika mpango huo. Lakini lililoshindwa kwa jembe liliendelea kwa karatasi. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 liliandikwa kwa kufuata mila za makabila ya ukoo wa baba, nalo likawa kielelezo cha mila mbele ya mahakama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikataza mume na mke kupigana, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini ilimwekea mume wajibu wa kumtunza mke, na mke hupata wajibu huo iwapo ana uwezo na mume ameshindwa kwa maradhi ya mwili au akili. Hivyo sheria ile ile iliyoufunga mkono wa mwanamume ilimthibitisha kuwa ndiye mlishaji.

Wataalamu nao wana deni. Kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke cha mwaka 1960 kilieleza ardhi na siasa za Waluguru. Cha Peter Pels cha mwaka 1999 kilieleza jinsi walivyokutana na wamisionari. Vyote viwili vyafaa kusomwa, lakini hakuna kilichouchukua uanaume kuwa ndiyo maudhui yake. Watunga kamusi nao hueleza maneno kama jikedume na mwanamume kana kwamba maana yake haina tarehe wala mahali. Kamusi isemayo kuwa kiume ni kishujaa, pasipo kuonyesha kuwa hayo ni matumizi na hukumu ya wasemaji, yageuka kuwa kungwi wa jando.

Jambo hili si la vitabu tu. Mwanamume afapo leo katika vijiji vya Uluguru, watoto wake huja na hoja ya baba na wapwa zake huja na hoja ya mjomba, na kila upande huapa kwa mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini dada aliyekuwa mlango wa ardhi kwa desturi aweza kujikuta nje pande zote mbili, kwa kuwa kaka amekwisha kuandikisha shamba kwa jina lake kama kichwa cha nyumba. Kijana naye, aliyefundishwa kuwa mwanamume ni mwenye kumiliki na kulisha, huiona milima isiyo na shamba la kugawa na mji usio na kazi ya kumtosha, akajihesabu kuwa si kitu. Hakuna aliyemweleza kuwa kipimo hicho ni kipya kuliko reli.

Kwa hiyo anenaye kwamba uanaume wa namna fulani ni mila ya asili na aulizwe maswali matatu: mila ya ukoo upi, ya tangu mwaka gani, na ni nani aliyeiandika. Katika Uluguru majibu yako, na wazee wayajuao wangali wako. Jamii iliyojua kumgawa mwanamume sehemu mbili na bado ikamheshimu haikosi uwezo wa kumfikiri tena. Na kazi ya wasomi wa lugha ni kuacha kuyapitisha maneno yake bila ya kuyapima.