Mbegu Mpya Juu ya Mate ya Mgonjwa

Mliotazama ile video ya bustani ya Leicester, Uingereza, wakati wa theluji mlimwona chiriku wa kijani ukingoni mwa kilishio bapa. Manyoya yamemvimba, macho yamefumba nusu, anaitafunatafuna alizeti asiimeze, kisha anaidondosha imelowa mate. Wenzake wakiruka, yeye habanduki. Mwenye bustani akatoka na kopo, akasema ndege amemzoea, akamimina mbegu mpya juu ya zile zilizolowa. Kazi yote iliharibikia hapo.

Tuanze na ndege mwenyewe. Chiriku mzima hakuachi umfikie hatua mbili; anayekuacha ameishiwa nguvu. Dalili zile ni za trikomonosi, ugonjwa wa koo unaoletwa na kimelea Trichomonas gallinae. Koo huvimba, chakula hakipiti, ndege hufa njaa mbele ya chakula. Kimelea hiki kilijulikana zamani kwa njiwa. Mwaka 2005 kikaonekana kwa chiriku wa Uingereza, mwaka uliofuata wakafa kwa wingi, na mwaka 2021 chiriku wa kijani akaingizwa katika Orodha Nyekundu ya nchi hiyo, ile ya ndege walio hatarini. Njia yake kuu ni mate. Pakavu hakidumu, kwenye mbegu yenye unyevu huishi kikingoja mdomo mwingine.

Irudieni sasa picha ile. Njiwa wamo kilishioni, mate ya mgonjwa yako chini, mbegu safi ziko juu. Kila anayetua anachakura tabaka zote mbili. Mbegu mpya ziliwavuta wazima hadi kwenye mate ya mgonjwa. Uamuzi sahihi ulikuwa kukishusha kilishio saa ileile, kumwaga kila kilichomo, kukisugua kwa dawa ya kuua vijidudu, kukisuuza na kukiacha kikauke kabisa.

Najua mtasema kwamba katika baridi ile kuondoa chakula ni kuua. Hoja hiyo ina uzito. Ndege wa gramu 11 huumaliza usiku sehemu kubwa ya mafuta aliyoyakusanya mchana, na mchana wa Januari huko ni wa saa 8 hivi. Lakini ndege wa bustani hategemei nyumba moja. Huzunguka mtaa mzima. Kilishio kikiondolewa, ndege hutawanyika, na wakitawanyika maambukizi hupungua. Kikibaki, wazima na wagonjwa wanakutana palepale kila asubuhi.

Mengine mwenye bustani aliyafanya vizuri: alizeti nyeusi, maji yasiyoganda, kichaka cha kukimbilia karibu.

Hesabu yake, hata hivyo, siikubali. Alijumlisha kila ndege aliyetua. Big Garden Birdwatch, hesabu ya ndege wa bustani nchini Uingereza inayofanyika tangu 1979, ina kanuni iliyo wazi: katika saa moja, andika idadi kubwa zaidi ya kila aina uliyoiona kwa wakati mmoja. Chiriku mmoja akirudi mara nne ni chiriku mmoja. Hesabu za namna ile huficha upungufu tunaohitaji kuuona.

Na kilishio bapa chenyewe nimekipinga katika safu hii miaka yote. Wauzaji wanakipenda kwa kuwa kinapendeza kwenye kamera. Januari 2025 RSPB, shirika kubwa la kuhifadhi ndege Uingereza, lilisitisha kuuza vilishio bapa kwa sababu ya ugonjwa huuhuu. Lilichelewa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Baron Hans von Berlepsch wa Seebach, Ujerumani, alikuwa ameshatengeneza nyumba ya kulishia yenye paa lililoshuka pande zote, na kengele ya chakula inayotoa mbegu kidogo kidogo. Shabaha yake ilikuwa theluji na mvua visiifikie mbegu, maana alijua kwamba chakula kilicholowa ni hasara kwa ndege. Mafundi wa leo wenye kamera na plastiki bado hawajamfikia.

Kwa hiyo nawasihi mnaolisha ndege msimu huu: tumieni vilishio vinavyoweka mbegu kavu, wekeni kiasi kinachokwisha siku hiyohiyo, visafisheni kila wiki na kuvihamishia mahali pengine. Mkimwona chiriku aliyevimba manyoya na asiyeruka, shusheni kila kitu kwa wiki mbili angalau, na msivirudishe mpaka muwe hamwoni mgonjwa tena.