Faraja kati ya Mateso na Huruma: Usomaji wa Rosa Mistika

Dai kwamba mateso humkomaza mwamini na kumfungulia moyo kwa wengine ni la kale katika mapokeo ya Kikristo. Hata hivyo, mara nyingi dai hilo hufupishwa kupita kiasi, kana kwamba maumivu huzaa huruma yenyewe. Makala haya yanapinga ufupisho huo kwa kurejelea riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ambayo jina lake ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Loreto.

Katika sura ya kwanza ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, Mtume Paulo haunganishi mateso na huruma moja kwa moja. Kati yake anaweka faraja: aliyefarijiwa katika dhiki ndiye anayeweza kuwafariji walio katika dhiki. Kiungo hicho kikiondolewa, hoja nzima huporomoka. Riwaya ya Kezilahabi inaonyesha jinsi inavyoporomoka.

Familia ya Zakaria, kisiwani Ukerewe, ni ya Kikristo na inateseka. Zakaria, ambaye ulevi umemharibia maisha, anamwaga machungu yake juu ya mkewe na mabinti zake. Barua ya mvulana inatosha kumfanya ampige Rosa. Rosa anachungwa, lakini kuchungwa si kufarijiwa. Uhuru unapomfikia, unamkuta na jeraha ambalo hakuna aliyeligusa kwa upole.

Ni rahisi kumsoma Regina, mama yake Rosa, kama mwamini aliyetakaswa na mateso. Usomaji huo unachanganya uvumilivu na huruma. Mvumilivu hubeba mzigo wake. Mwenye huruma huuinamia mzigo wa mwenzake. Regina anawapenda wanawe, lakini naye hana wa kumfariji, na sauti yake haina nguvu mbele ya mumewe. Upendo wake haufiki pale unapohitajika.

Baada ya Rosa kujiua, yeye na baba yake wanakutana mbele ya hukumu ya Mungu. Swali la nani alaumiwe, mzazi au mwana, huvuta macho zaidi katika tukio hilo. Lenye uzito zaidi ni kwamba kila mmoja anafika na kidonda chake, na wanalaumiana. Mateso yamewapa ujuzi wa maumivu yao wenyewe tu.

Riwaya hii, iliyowahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, ina funzo kwa shule hizo hizo. Kumwambia binti aliyepigwa au kudhulumiwa avumilie kwa kuwa Mungu anamkomaza ni kudai mavuno mahali ambapo hapakupandwa kitu. Waandaaji wa mitaala ya elimu ya dini na ushauri nasaha hawana budi kutenganisha uvumilivu, faraja na huruma, na kuanza na faraja, kwa sababu hiyo humtegemea mtu mwingine, na inaweza kukosekana hata katika nyumba inayosali kila siku.