Herufi T na mwaka 1916: kuzitambua sarafu za vita za Tabora

Serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki ilipofika mwaka 1916 ilikuwa na shaba na dhahabu, ila sarafu za kuwalipa askari na wapagazi zilikuwa zimeadimika. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimeziba pwani, na sarafu za koloni zilizoea kugongwa Berlin au Hamburg. Ndiyo maana nyingi za kabla ya vita zina herufi A au J. Noti za dharura zilizochapwa humu nchini hazikuaminika kama chuma kinacholia mkononi. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu, na alama yake ikawa T.

Mkusanyaji wa kumbukumbu za kijeshi za Kijerumani akitaka kulifunza jicho lake, aanze na sarafu ya heller 20 ya Tabora. Wengi huipita wakikimbilia visu, vifungo na kofia, nayo ni kipande cha vita kuliko hivyo vyote: ilitengenezwa kwa maganda ya makombora na shaba chakavu yoyote iliyopatikana. Kwa hiyo moja huwa nyekundu, nyingine ya manjano. Upande mmoja una taji, mwaka na herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika; wa pili una thamani, na T chini yake.

Shika lenzi, usome neno HELLER. Ncha za herufi L zimechongoka kwenye baadhi ya sarafu, na kwenye nyingine zimepinda. Taji nalo liko kubwa, liko dogo. Ni alama za mihuri mbalimbali iliyotumika kugongea, na katalogi huzipanga sarafu hizi kwa tofauti hizohizo. Chapa iliyofifia upande mmoja au picha iliyokaa kombo visikutie shaka. Karakana hii ilijengwa kwa ajili ya vichwa vya treni. Mimi hushtuka zaidi nikiona heller ya Tabora iliyonyooka mno.

Rupia 15 ya dhahabu ndiyo inayowatoa watu udenda. Tembo ameinua mkonga, milima nyuma yake. Upande wa pili kuna tai wa dola. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, na zilizogongwa ni 16,198 tu. Ziko za namna mbili: pambo la kulia chini ya tai huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A ya kwanza.

Uzito wake una hadithi yake. Katalogi zinautaja kuwa gramu 7.168. Rupia 15 zilihesabiwa kuwa sawa na mark 20, na sarafu ya mark 20 ya Ujerumani ina gramu hizohizo 7.168, ila hizo ni za dhahabu tupu iliyomo ndani yake. Ya Tabora ni dhahabu kwa robo tatu tu, yaani gramu 5.376. Aliyeipokea kwa thamani iliyoandikwa alikuwa anaikopesha serikali robo, atake asitake.

Hesabu hiyo ndiyo silaha ya mnunuzi. Ya bandia ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, ikiwa na ukubwa uleule, haifiki hata gramu tano. Mizani ya sonara inaimaliza kwa dakika moja, na atakayekuzuia usipime amekwisha kukujibu. Iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa huachwa na vitundu vidogo usoni, au mstari wa kiungo ukingoni. Hapo ndipo wanaponaswa hata wale wanaouza rupia za Mjerumani usiku, kwa kunong'ona, pamoja na ramani ya hazina iliyofukiwa.

Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, kwa hiyo T halali huandamana na mwaka huo mmoja. Ukiuziwa ya 1915 au 1917, hata lenzi usiitoe mfukoni.

Na ukipata heller halali, usiisugue kwa limau na majivu. Itang'aa, lakini utakuwa umeondoa ile ngozi ya miaka mingi ambayo mnunuzi makini huitazama kwanza, na bei itashuka hapohapo. Ifute vumbi, iweke kwenye karatasi kavu.