Waya Ndiyo Njia ya Joto: Jinsi Vihisi Baridi Vilivyofika Pikseli Elfu Kumi

Chupa ya chai iliyo mezani kwako ina asili yake London, mtaa wa Albemarle, katika maabara ya Royal Institution, mwaka 1892. James Dewar aliyeibuni hakuwa na shida ya chai. Alikuwa na hewa aliyoipoza hadi ikawa kimiminika, nayo ilichemka na kumpotea mbele ya macho yake. Akaunda vyombo viwili vya kioo, kimoja ndani ya kingine, akafyonza hewa ya katikati, na baadaye kioo kikapakwa fedha. Ukitoa kile kioo cha ndani cha chupa yako na kukitazama chini, utaona kinundu kidogo chenye ncha. Ni pale hewa ilipofyonzwa kisha kioo kikazibwa kwa moto.

Ombwe linazuia joto kusafiri kwa hewa. Fedha inaurudisha mnururisho ulikotoka. Inabaki njia moja: kitu kigumu kinachogusa ndani na nje kwa wakati mmoja. Kwenye chupa, kitu hicho ni shingo. Kwenye kihisi cha darubini kinachofanya kazi katika baridi kali, kitu hicho ni waya, kwa sababu kihisi kisicho na waya hakina namna ya kutuambia kilichoona. Maelezo mengi ya teknolojia hii husifu kihisi na kumsahau huyu mpitishaji wa joto. Mimi naona waya ndio ulioamua, miaka yote, darubini iwe na macho mangapi.

Dewar mwenyewe aliugusa mwanzo wa jibu. Yeye na John Ambrose Fleming wa University College, vilevile London, walitumbukiza nyaya za metali safi katika hewa kimiminika na kupima ukinzani wake wa umeme. Kadiri baridi ilivyozidi ndivyo ukinzani ulivyoshuka, na mchoro wa vipimo vyao ulielekea kwenye sifuri. Ili kujua kinachotokea huko mwisho, ilibidi wateremke zaidi. Tarehe 10 Mei 1898 Dewar alipata hidrojeni kimiminika, kwenye nyuzi 253 za Selsiasi chini ya sifuri. Kazi ilikuwa ya hatari. Wasaidizi wake wawili walipoteza jicho kila mmoja kwa milipuko.

Ilibaki heliamu. Alama yake ilionekana kwanza katika mwanga wa jua mwaka 1868, na mwaka 1895 William Ramsay akaipata hapa duniani, akiwa University College, mwendo wa miguu tu kutoka kwa Dewar. Lakini wawili hao walikuwa hawaelewani. Dewar akategemea gesi ya chemchemi za Bath, ambayo ilikuwa na neoni iliyoganda na kuziba mirija yake. Ugomvi ule uliigharimu London pakubwa. Heike Kamerlingh Onnes alifanikiwa Leiden, Uholanzi, Julai 1908, na mwaka 1911, kwenye nyuzi 4.2 za Kelvini, maabara yake ikaona ukinzani wa zebaki ukitoweka ghafla. Ndiyo hali ya superkondakta.

London ilirudi uwanjani kupitia Mile End Road. Katika chuo cha Queen Mary, kikundi alichokuwamo Peter Ade kilijenga vihisi vya mawimbi yaliyo mafupi kuliko milimita moja, pamoja na vichujio vya wavu wa metali vinavyozuia mnururisho usiotakiwa kuingia na joto lake. Mawimbi hayo hutoka kwenye vumbi baridi la angani, kule nyota zinakozaliwa. Chombo chenye joto la kawaida hutoa mnururisho wake chenyewe, ukaifunika ishara. Kwa hiyo hakuna budi kukipoza.

Kazi yao kubwa iliitwa SCUBA, iliyojengwa kwa ushirikiano na Royal Observatory ya Edinburgh na kufungwa mwaka 1996 kwenye darubini ya James Clerk Maxwell, yenye kipenyo cha mita 15, juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii. Kila pikseli ilikuwa kipande cha yakuti kilichoning'inizwa kwa nyuzi laini, kikiwa na chembe ya jemani (germanium) ya kupima joto. Vumbi la angani lilipotuma mnururisho, yakuti ilipata joto kidogo mno, na ukinzani wa jemani ulibadilika. Yote hayo yalifanyika kwenye sehemu moja ya kumi ya Kelvini, kwa mtambo unaochanganya aina mbili za heliamu. Wazo la mtambo huo lilitolewa mwaka 1951 na Heinz London, mwanafizikia aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi.

SCUBA ilikuwa na pikseli 131. Mwaka 1998 ilitosha kuonyesha, katika kipande cha anga ambacho darubini ya Hubble ilikuwa imekipiga picha maarufu, galaksi zilizojificha nyuma ya vumbi lao wenyewe. Lakini kila pikseli ilikuwa na waya zake hadi nje ya baridi. Ukitaka pikseli elfu kumi kwa mtindo huo unahitaji waya elfu ishirini, na kila waya unaingiza joto ndani ya mtambo ambao nguvu yake ya kupoza ni ndogo ajabu. Mtambo utalemewa kabla darubini haijafunguliwa.

Hapo ndipo superkondakta ilipoingia, kwa njia tatu tofauti, na inafaa kuzitenganisha.

Kwanza ni kihisi chenyewe. Katika SCUBA-2, mrithi wa SCUBA, jemani iliachwa, badala yake zikawekwa tabaka mbili nyembamba za molibdenamu na shaba. Tabaka hizo hushikiliwa pale pale mpakani, zikiwa karibu kuwa superkondakta lakini bado kidogo. Mpakani hapo, chembe ya joto hupandisha ukinzani kwa wingi. Mwaka 1995 Kent Irwin alionyesha njia ya kuzituliza: weka volti isiyobadilika, na ukinzani ukipanda, mkondo wa umeme unashuka, joto linalozalishwa na mkondo linapungua, na kihisi kinarudi mahali pake chenyewe. Badiliko la mkondo ndilo ishara.

Pili ni msomaji. Badiliko hilo ni dogo mno kwa vikuza-ishara vya kawaida, lakini kila mkondo una uga wake wa sumaku, na kipete cha superkondakta kinachoitwa SQUID hupima uga huo kwa usahihi mkubwa kikiwa palepale kwenye baridi. Vipete hivi vinaweza kuwashwa na kuzimwa haraka. Kila kimoja cha vipande vinane vya SCUBA-2 kina safu mlalo 40 na safu wima 32, yaani pikseli 1,280, na jumla ni 10,240. Safu mlalo moja huwashwa, zile safu wima 32 husomwa kwa pamoja, kisha zamu inakwenda kwa inayofuata. Waya sasa hufuata jumla ya safu mlalo na safu wima. Hazifuati tena zao la kuzizidisha safu hizo. Nauona uamuzi huo kuwa mzito kuliko kihisi kipya chenyewe.

Tatu ni waya wenyewe. Ndani ya superkondakta, elektroni huungana jozi. Jozi hubeba umeme bila hasara lakini hazibebi joto. Waya wa niobiamu na titaniamu, basi, unapitisha ishara yote na kulizuia joto, jambo ambalo shaba haiwezi.

SCUBA-2 ilianza kazi yake ya kisayansi mwaka 2011. Kufikia hapo kikundi cha Queen Mary kilikuwa kimekwisha hamia Cardiff, mwaka 2001, na ujuzi wa vichujio ulikwenda nacho.

Hatua iliyofuata inapunguza waya zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa California walieleza kihisi ambacho ni mzunguko wa umeme wa superkondakta wenye mlio wake maalumu. Mnururisho ukivunja jozi za elektroni, mlio unashuka kidogo. Mamia ya pikseli, kila moja na mlio wake, huning'inia kwenye kebo moja, na kompyuta iliyo nje husikiliza milio yote kwa pamoja. Tatizo ni kwamba tabaka la metali likizidi unene kidogo mahali fulani, mlio wa pikseli moja unaangukia juu ya mlio wa jirani yake, na zote mbili zinapotea. Ndiyo maana maabara kadhaa huwasha taa ndogo juu ya kila pikseli, huandika mlio wake halisi, hutoa kipande kwenye baridi na kuupunguza mzunguko wake kwa vipimo hivyo, kisha hukirudisha ndani na kuanza kusikiliza upya.